Treni imefika Miritini, mbona injini bado inanguruma?

Madaraka Express ikifika Miritini, abiria hushuka mbio kukimbilia matatu. Ni nani anayegeuka kuangalia injini? Nayo ni ya dizeli, na dude la aina hiyo linaweza kukaa papo hapo likinguruma bila kuvuta hata behewa moja.

Si Miritini tu. Ile reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, bado inapita Changamwe, na injini zake ni za dizeli vilevile.

Kwa nini zisizimwe tu? Mafundi wana sababu. Breki za treni hutumia upepo ulioshindiliwa, na upepo huo unatoka kwa kompresa inayoendeshwa na injini. Betri nazo zinataka chaji. Ukizima muda mrefu, kuna kazi ya kuwasha na kupima breki upya. Nchi za baridi zina sababu nyingine: maji ya kupoza injini yasigande. Hiyo, jamani, watu wa Changamwe hatuwezi kujitetea nayo. Barafu hapa tunaiona kwa muuza samaki.

Dawa ipo na si ya ajabu. Kuna mtambo unaozima injini wenyewe baada ya dakika kadhaa, kisha kuiwasha upepo wa breki au chaji ikishuka. Kwenye karakana unaweza kuvuta stima ya ukutani ikachaji betri na kuendesha kompresa, injini kubwa ikalala. Na reli inaokoa mafuta, kwa hivyo sioni nani anapata hasara.

Mwaka 2012, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, lilitangaza kuwa moshi wa dizeli unasababisha saratani. Anayeuvuta zaidi si abiria wa nusu saa. Ni fundi, mlinzi, mama wa mahamri na boda anayengojea wateja kutwa.

Changamwe nayo tayari ina malori ya bandarini na mitambo ya Kipevu inayozalisha stima kwa mafuta mazito. Jirani zetu wa Owino Uhuru walivuta sumu ya risasi kwa miaka kabla mahakama kuamua, mwaka 2020, walipwe Sh1.3 bilioni. Damu za watoto zilikuwa zimeshaharibika.

Wenzetu Tanzania walianza safari za treni ya umeme, Dar es Salaam hadi Morogoro, mwaka 2024. Sisi wa Kenya, ambao stima yetu nyingi inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo, bado tunachoma dizeli hadi Nairobi.

Kubadilisha reli nzima kutachukua miaka na mabilioni. Kuzima injini iliyosimama hakuhitaji hata nguzo moja. Kanuni za ubora wa hewa zipo, na NEMA ndiyo mwenye kuzisimamia. Vijana wa mtaa wanaweza kuanza na barua moja: mtuwekee kipimo cha hewa kando ya stesheni, na matokeo yabandikwe pale tunapokatia tiketi.