Siku yangu ya kwanza kwenye masaji ya Kiswidi

Wiki hii siasa za kaunti tuziweke kando kidogo, nikuhadithie shingo yangu.

Miye kazi yangu ya mchana ni ya kukaa. Karatasi za mizigo, kompyuta, simu baina ya sikio na bega. Kwa muda wa miezi minne hivi shingo ilikuwa ikikakamaa kila ikifika Alasiri. Mwisho wa swala nikitoa salamu, upande wa kulia nageuka vizuri, wa kushoto nageuza bega zima kama gari la mkokoteni. Daktari alinipima presha, akanibonyeza huku na kule, akasema hapana mfupa ulioharibika, ni misuli tu. Akanipa mazoezi ya shingo, kisha akaniambia, “Na ukiweza, nenda kafanyiwe masaji ya Kiswidi.”

Nikarudi nyumbani nikamwambia mama watoto. Akaweka mwiko chini. “Masaji? Masaji gani hiyo?”

Simlaumu. Kwa nini tujifanye hatujui? Mji huu na vitongoji vyake neno masaji limechafuka. Kuna vyumba vya taa nyekundu ambavyo masaji ni jina la mlangoni tu. Matokeo yake ni kuwa mtu mwenye maumivu ya haki anaona haya kuuliza, na yule kijana aliyesomea kazi hii na ana cheti chake anaangaliwa kwa jicho baya. Basi ngoja nieleze kinachofanyika, ili ukiambiwa na daktari nawe usiwe mgeni kama nilivyokuwa.

Kwanza, kukandwa si jambo geni kwetu. Mzazi hukandwa kwa maji moto kwenye arubaini yake, bi harusi husingwa, na nani katika sisi hakukanda miguu ya babu yake kwa mafuta ya nazi huku akitamani kwenda kucheza mpira? Hii ya Kiswidi ni ndugu yake, ila imepangwa kwa utaratibu wa darasani. Jina limetokana na Per Henrik Ling, Mswidi aliyezaliwa 1776, mwalimu wa mchezo wa vitara, ambaye mwaka 1813 alifungua chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm. Lakini ile mikando yenyewe na majina yake ya Kifaransa hunasibishwa zaidi na daktari wa Kiholanzi, Johan Georg Mezger, aliyetibu watu Amsterdam. Waswidi wenyewe huiita masaji ya klasiki.

Sasa miadi. Mahali pa kwanza nilipopiga simu niliuliza kama kuna mkandaji mwanamume. Nikajibiwa kwa kicheko, “Wanaume wote hutaka wanawake, wewe vipi?” Nikakata simu. Pa pili nilijibiwa kwa adabu: yupo, Jumanne na Alhamisi, shilingi 3,000 kwa saa nzima, 2,000 kwa nusu saa ya mgongo na shingo. Nikachukua nusu saa. Usione haya kuuliza hili, ndugu yangu, na wewe dada vilevile. Ni swali la kawaida kabisa kwenye kazi hii, na jibu utakalopewa litakuambia mengi kuhusu pahali penyewe.

Usiende umeshiba pilau. Utalala kifudifudi, na tumbo halitakusamehe. Fika mapema kidogo, kwa sababu kabla ya kuguswa utaulizwa maswali, na hapa ndipo penye uzito. Una presha? Sukari? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Unatumia dawa gani? Kuna mafuta yanayokuwasha? Mwanamke ataulizwa kama ana mimba. Mimi niliona kama kachero ananihoji, lakini pahali pasipouliza maswali haya ndipo pa kuondoka.

Nikueleze kwa nini. Mwaka juzi ami yangu alikuja kutoka Nairobi kwa basi, usiku kucha amekunja miguu. Alipoamka shavu la mguu wa kushoto limevimba, la moto, linauma. La kulia halina kitu. Sisi, kwa mapenzi yetu, tulishapasha mafuta tayari kumkanda. Binti yake ambaye ni muuguzi akaingia, akatazama, akapiga kelele, “Msiuguse huo mguu!” Hospitali wakakuta damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge kama lile ukilikanda linaweza kung’oka, likapanda hadi kwenye mapafu, na mtu akafa palepale mikononi mwenu. Alhamdulillahi ami yu hai, na hadi leo ananyweshwa dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto, hasa baada ya safari ndefu, kulala sana kitandani au kujifungua, ni hospitali, si mkandaji, awe wa Kiswidi au wa mtaani. Hali kadhalika mwenye homa, jeraha bichi, au ugonjwa wa ngozi unaoambukiza asubiri apone. Anayetumia dawa za kulainisha damu na mjamzito waulize kliniki kwanza. Na ukiwa na maumivu ya mgongo pamoja na miguu kufa ganzi, au huwezi kuzuia mkojo, hilo halingoji masaji wala kesho.

Turudi chumbani. Kitanda ni chembamba, kirefu, kichwani kina tundu la kuwekea uso ili shingo ilale sawa. Mkandaji aliniambia nivue shati tu, nijifunike shuka, kisha akatoka nje na kufunga mlango. Hakurudi mpaka alipobisha na kuitikiwa. Nami nilikuwa nimekuja na kikoi changu. Nikamwambia wazi kuwa baina ya kitovu na magoti sitaki kufunuliwa. Akasema, “Hakuna shida, sheikh, sehemu ninayoikanda ndiyo peke yake inayofunuliwa, nyengine zote zabaki na shuka.” Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa masaji ya mwili mzima wengine huvua zaidi chini ya shuka, lakini hakuna anayekulazimisha. Unavua kiasi unachoridhia. Pia palikuwa na muziki wa filimbi. Nikaomba uzimwe, ukazimwa.

Alianza kwa mafuta mikononi, akapitisha viganja polepole mgongoni, mwendo mrefu wa kuelekea upande wa moyo. Hapo misuli inapashwa joto, naye anatafuta penye mafundo. Kisha akaanza kukanda hasa: anakamata nyama ya bega, anaikamua, anaiachia, kama mama akanda unga wa chapati. Alipolipata fundo lenyewe, chini ya shingo upande wa kushoto, alilisugua kwa dole gumba, duara ndogondogo, na hapo nikalikumbuka jina la mama yangu. Akaniuliza, “Nipunguze?” Nikajikaza kiume, nikasema sawa tu. Kosa hilo. Masaji ya Kiswidi si mashindano ya uvumilivu. Maumivu matamu yanayokufanya uvute pumzi ni sawa, yanayokufanya ukaze meno si sawa, kwa sababu misuli nayo hujikaza kujilinda na kazi yote inapotea. Dakika mbili baadaye nilinyanyua mkono, nikamwambia apunguze, akapunguza.

Mwisho kuna kupigapiga kwa ubavu wa mikono, haraka haraka, na kutetemesha. Nilicheka. Akaniambia wengi hucheka, na wengine hulala wakakoroma, na wengine tumbo hunguruma. Amezoea. Huna haja ya kuzungumza naye wala kumpigia hadithi, ukinyamaza hatakasirika.

Na lile tunaloliogopa sote? Mkandaji wa haki hagusi sehemu za siri wala hazikaribii. Ikiwa mtu yeyote atakuletea maneno ya huduma ya ziada, au mkono ukapita mpaka wake, una haki ya kusema basi, ukavaa, ukatoka, hata kama umeshalipa. Usingoje kuona haya kwanza.

Baada ya kumaliza usiruke kitandani. Mimi niliinuka kwa pupa nikaona nyota. Kaa kwanza, kisha simama. Nilipewa maji, nikaambiwa yatatoa sumu iliyokandwa mwilini. Maji ni mazuri, nimeyanywa, lakini hiyo habari ya sumu daktari wangu aliicheka. Siku ya pili bega liliuma kama nimebeba magunia; hilo ni la kawaida, na huondoka kwa siku moja au mbili. Likizidi, rudi kwa daktari.

Shingo je? Imelegea, lakini si muujiza. Siku nne za mwanzo niligeuka kushoto kama kijana, kisha ukakamavu ukaanza kurudi pole pole, na daktari akaniuliza mazoezi yake nimeyafanya mara ngapi. Nikatazama dirishani. Sasa nayafanya, asubuhi na baada ya Isha, na simu nimeacha kuibana kwa bega.

Mama watoto ameshauliza kama pale pana mkandaji wa kike, maana kuinama jikoni nako kuna mgongo wake. Yupo, Jumatano na Jumamosi. Kilichobaki ni mimi kutafuta hizo elfu tatu nyengine.