Maziwa, Kondo na Jeni: Kinachotanua Moyo wa Mzazi

Kuvimba miguu, kuishiwa pumzi na kuchoka ni mambo yanayowapata wajawazito wengi walio na afya njema, na ndiyo maana ugonjwa mmoja hatari wa misuli ya moyo huweza kukaa mwilini mwa mwanamke wiki nyingi bila kutambuliwa. Huanza mwezi wa mwisho wa mimba au, mara nyingi zaidi, katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Mzazi hawezi kulala chali. Anaongeza mto wa pili, kisha wa tatu, mwishowe anakesha ameketi. Nyumbani huambiwa uzazi umemlemea, au kuna mtu kamtupia jicho. Zahanati nako anaweza kupewa dawa ya kifua akarudi nyumbani. Siku atakapofanyiwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndipo daktari anapouona moyo uliotanuka na kulegea. Moyo wenye afya husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyojaa katika chumba chake cha kushoto kila unapopiga. Kwa mgonjwa huyu kiwango hicho kimeshuka chini ya asilimia 45, na kwa wengine hufika 20.

Naandika kuhusu ugonjwa huu kwa sababu ni wetu zaidi kuliko wa wengi. Afrika Kusini umekadiriwa kumpata mzazi mmoja katika kila 1,000. Kaskazini mwa Nigeria, eneo la Zaria, makadirio yalifikia mmoja katika kila 100, kiwango ambacho hakionekani Ulaya. Na hauchagui mama aliyezembea. Humpata aliyehudhuria kliniki zote, akala vizuri, akajifungua hospitali.

Madaktari wa Chicago ndio walioweka mipaka ya ugonjwa huu mwaka 1971: mwanamke ambaye hakuwa na ugonjwa wa moyo, moyo wake ukashindwa kati ya mwezi wa mwisho wa mimba na mwezi wa tano baada ya kujifungua, bila sababu nyingine kupatikana. Maneno hayo ya mwisho yalikaa vitabuni zaidi ya miaka 30. Ilidhaniwa kwamba mimba huuchosha moyo, basi. Kweli, damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, na moyo unaisukuma yote. Lakini mzigo huo kila mjamzito anaubeba, na takriban wote wanautua salama. Kwa nini huyu mmoja?

Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka Hannover, Ujerumani, mwaka 2007, katika maabara ya Denise Hilfiker-Kleiner. Watafiti wake walikuwa na panya waliotengenezwa wakikosa protini iitwayo STAT3 katika seli za misuli ya moyo. Panya jike hao waliishi vizuri mpaka walipozaa. Baada ya kuzaa, mioyo yao ilitanuka, na wengi walikufa. Uzazi ndio uliofichua kasoro ambayo maisha ya kawaida hayakuigusa.

Walipofuatilia, walikuta mnyororo wa mambo ambao bado unanistaajabisha. Moyo unaofanya kazi kwa nguvu huzalisha kemikali kali zenye oksijeni zinazounguza seli, na STAT3 ni miongoni mwa protini zinazouwezesha kujikinga nazo. Kinga hiyo ikipungua, kemikali huzidi, na hapo kimeng'enya kiitwacho kathepsini D huanza kukata prolaktini. Prolaktini ni homoni ya maziwa. Hutolewa na tezi iliyo chini ya ubongo, na bila yake hakuna mtoto angenyonya. Ikiwa nzima haina kosa. Ikishakatwa, kipande kikubwa kinachobaki huwa na tabia nyingine kabisa: huua seli zinazotandika kuta za mishipa midogo ya damu na kuzuia mishipa mipya kuota. Misuli ya moyo inabaki na kazi kubwa huku njia za kuletewa chakula na oksijeni zikififia. Mwaka 2013 ikaonyeshwa kwamba ubaya hauishii kwenye mishipa. Seli za mishipa zilizojeruhiwa na kipande hicho hutoa vifuko vidogo mno vyenye chembe za kijeni, na vifuko hivyo huingia ndani ya seli za misuli na kuzivuruga kutoka humo.

Hayo yangeweza kubaki ya panya. Lakini misuli ya moyo ya wanawake wenye ugonjwa huu ilipopimwa, STAT3 ilikuwa chini, na katika damu yao kathepsini D ilikuwa juu. Panya walipopewa bromokriptini, dawa ya zamani ya kukausha maziwa kwa kuzuia prolaktini isitolewe, mioyo yao ilinusurika.

Mwaka 2012 kundi la watafiti la Zoltan Arany, Boston, liligeuza macho kwenye kondo la nyuma. Mwishoni mwa mimba kondo humwaga katika damu ya mama protini ambayo kazi yake ni kunasa protini nyingine inayokuza mishipa. Moyo wenye akiba ya kutosha hustahimili kipindi hicho. Usio na akiba hulegea. Ugunduzi huu ulinifungulia jambo ambalo madaktari walikuwa wameliona kwa macho bila kulielewa: kwamba mwenye kifafa cha mimba, na mwenye mimba ya mapacha, wako katika hatari kubwa zaidi. Kwa wote wawili, protini hiyo ya kondo huwa nyingi kuliko kawaida.

Tulibaki na swali la akiba. Kwa nini moyo wa mwanamke mmoja uwe na akiba ndogo tangu mwanzo? Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa jeni za wanawake 172 waliougua. Watafiti walitafuta makosa ya aina moja, yale yanayoikatiza protini kabla haijakamilika, katika jeni zinazojulikana kuharibu misuli ya moyo. Wanawake 26 walikuwa nayo, yaani asilimia 15. Theluthi mbili ya makosa hayo yalikuwa katika jeni moja, ile ya titini.

Titini inastahili kuelezwa. Ni protini kubwa kuliko zote zinazojulikana katika mwili wa binadamu, mnyororo wa asidi amino unaoweza kufika 35,000, ilhali protini nyingi zina mamia tu. Imelala ndani ya kila uzi wa misuli, upande mmoja imeshikizwa ukingoni na mwingine katikati, na hufanya kazi ya springi: moyo unapojaa damu inavutika, moyo unapobana inarejea. Pia ndiyo inayozipanga protini nyingine za misuli mahali pake. Mtu hurithi nakala mbili za jeni hii, moja kwa baba, moja kwa mama. Nakala moja ikiwa na kosa la kukatiza, moyo huweza kupiga miaka 30 au 60 bila malalamiko yoyote.

Makosa hayohayo ya titini yalikuwa yamekwisha kuonekana mwaka 2012 kwa karibu robo ya wagonjwa ambao koo zao zina historia ya moyo kutanuka, wanaume kwa wanawake. Maana yake ni nzito. Ugonjwa wa mzazi, tulioutenga kwa nusu karne kana kwamba ni kitu cha pekee, una undugu na ugonjwa wa shangazi aliyeambiwa ana moyo mkubwa na wa mjomba aliyeanguka shambani. Hata hivyo, kila mwenye ndugu wa namna hiyo asidhani amehukumiwa. Watu wengi wanaobeba kosa la titini hawaugui kamwe, na wagonjwa wengi hawana kosa lolote lililopatikana. Ninavyousoma ushahidi, ugonjwa huzuka pale mambo kadhaa yanapokutana kwa wakati mmoja: moyo uliozaliwa na akiba pungufu, kondo linalominya mishipa, prolaktini iliyokatwa, na mzigo wa damu. Kila moja peke yake lingevumilika.

Hata yale ya Zaria yanasomeka hivyo. Huko mila ilimtaka mzazi alale juu ya kitanda cha udongo kilichokokewa moto chini, aogeshwe maji ya moto sana, na anywe uji uliotiwa magadi kwa wingi. Chumvi ile huzuia maji mwilini, nayo huenda yaliulemea moyo ambao tayari ulikuwa ukingoni. Najua msomaji wa Pwani ameshafikiria arobaini na kukandwa. Sijaona ushahidi wa kulaumu kukandwa, wala uji wa pilipili manga si uji wa magadi. Ninachowaomba somo na mavyaa wanaomhudumia mzazi ni kwamba akisema hawezi kulala chali, wasimkande zaidi. Wampeleke hospitali.

Je, elimu hii ya molekuli imempa mgonjwa nini? Mwaka 2010 mtafiti Karen Sliwa na wenzake, miongoni mwao Kemi Tibazarwa, daktari wa moyo Mtanzania, walichapisha jaribio lililofanywa Afrika Kusini kwa wanawake 20. Wote walipata dawa za kawaida za moyo, na 10 waliongezewa bromokriptini. Makundi yote mawili yalianza moyo ukisukuma asilimia 27. Baada ya miezi sita waliopata bromokriptini walifika 58, wenzao 36. Katika kundi la kwanza alifariki mmoja, katika la pili wanne. Ni jaribio dogo, na wataalamu wana haki ya kudai kubwa zaidi. Mwongozo wa Ulaya wa 2018 uliruhusu dawa hiyo ifikiriwe, haukuilazimisha, na ulitaka ifuatane na dawa ya kuzuia damu kuganda.

Lakini bromokriptini hukausha maziwa. Ulaya hilo ni usumbufu. Katika kijiji ambako maji ya kisima huleta kuhara na kopo la maziwa ya unga linagharimu mshahara wa siku kadhaa, kumwachisha mtoto wa wiki mbili ni kumhatarisha yeye ili kumwokoa mama yake. Na mama akifa, mtoto huyo vilevile yuko hatarini. Sikubaliani na daktari anayemwandikia mgonjwa dawa hii bila kuuliza nani nyumbani atanunua maziwa na maji yatachemshwa wapi. Sikubaliani pia na anayemnyima mwenye moyo wa asilimia 20 kwa sababu tu unyonyeshaji ni sera. Mazungumzo hayo yanahitaji mume awepo, na ustawi wa jamii wawepo.

Si wote wanaopoteza maisha. Katika rejista ya kimataifa ya wanawake 739 kutoka nchi 49, iliyochapishwa 2020, mioyo ya asilimia 46 ilikuwa imerudi hali yake ndani ya miezi sita, na asilimia 6 walikuwa wamefariki. Anayegunduliwa mapema, kabla moyo haujatanuka sana, ana nafasi nzuri zaidi. Kuna kipimo cha damu kinachopima homoni inayotolewa na moyo uliolemewa, nacho humtenga haraka mchovu wa kawaida na mgonjwa. Ningependa kukiona katika kila hospitali ya wilaya yenye wodi ya wazazi, pamoja na mtu aliyefundishwa kushika mashine ya eko.

Kisha kuna mimba inayofuata. Mwanamke ambaye moyo wake haujarudi vizuri tunamshauri asibebe tena, maana mimba nyingine inaweza kuurudisha ugonjwa kwa ukali na kumuua. Hata aliyepona kabisa hatuwezi kumpa ahadi. Kwa hiyo uzazi wa mpango ni sehemu ya matibabu yake, sawa na vidonge vya moyo, na kitanzi huwafaa wengi. Ndugu nao waulizwe: nani katika ukoo alivimba miguu akafa baada ya kujifungua, nani alianguka ghafla akiwa kijana, nani ana moyo mkubwa? Akitajwa yeyote, dada ya mgonjwa, akiwa na mimba, afanyiwe eko kabla ya miezi ya mwisho, na apangiwe kujifungulia penye daktari wa moyo.