Kipimo Gani cha Serikali Kinakufaa?

Ukitaka kulinganisha serikali za nchi mbalimbali, huhitaji kutoa hela nyingi. Vipimo vizuri karibu vyote ni vya bure; utalipia bando tu, na muda wa kusoma maandishi madogo ya chini ya jedwali. Kazi ni kuchagua.

Kinachovuma zaidi ni cha Transparency International, kinachopima jinsi rushwa inavyoonekana, kuanzia 0 hadi 100 kwa nchi safi. Mwaka 2024 Rwanda ilipata 57, Tanzania 41, Kenya 32, Uganda 26. Kusoma ni rahisi, na hapo ndipo penye mtego. Hawamuulizi mama aliyedaiwa "kitu kidogo" kituoni. Wanakusanya maoni ya wataalamu na wafanyabiashara. Na Kenya ilipotoka 31 kwenda 32, alama hiyo moja haikutosha kushangiliwa: imo ndani ya kiwango cha makosa.

Viashiria vya utawala vya Benki ya Dunia vina mafungu sita, vinarudi hadi 1996 na vinagusa nchi zaidi ya 200. Navipenda kwa sababu havifichi kiwango cha makosa, wala havijumlishi kila kitu kuwa namba moja. Rwanda hiyohiyo inang'ara kwenye kudhibiti rushwa, ikashuka kwenye uhuru wa wananchi kusema. Wastani wa hayo mawili ungekudanganya.

Cha kulipia ni kama kile cha PRS Group, kinachotoka kila mwezi kwa ajili ya benki na wawekezaji. Mwanafunzi au mwandishi wa habari akinunue cha nini? Alama zake ni sehemu ya malighafi ya vile viwili vya juu. Anayesema vyanzo vitatu vimekubaliana huenda ana unga uleule katika mifuko mitatu.

Jina kubwa nalo si dhamana. Mwaka 2021 Benki ya Dunia yenyewe ilisitisha kabisa ripoti yake ya Doing Business, iliyolinganisha urahisi wa kufanya biashara katika nchi mbalimbali, baada ya kubainika dosari katika takwimu za matoleo ya 2018 na 2020.

Chaguo langu ni Afrobarometer. Wahojaji wake hukaa na watu kati ya 1,200 na 2,400 katika kila nchi, ana kwa ana, kwa lugha wanayoielewa, wakiuliza kama mtu alitoa hongo ili apate kitambulisho au matibabu. Mwishoni humuuliza anadhani nani amewatuma. Wako wanaojibu "serikali", basi majibu ya watu hao yasome kwa uangalifu. Utafiti hautoki kila mwaka, tena ni wa Afrika tu. Ukitaka kuilinganisha Kenya na Denmark, rudi Benki ya Dunia. Kwa Kenya na Tanzania, anza na Afrobarometer, na kabla ya kunukuu namba yoyote tazama mwaka mahojiano yalipofanyika, si mwaka wa ripoti.