Ahadi za Mwenyezi Mungu kwa Nabii Ibrahim: Wakristo Wanazifahamu Vipi?

AlhamduliLlaah, sifa zote njema ni za Allaah, Mola wa walimwengu wote. Rahma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad:

Tumeletewa suali na mama mmoja wa Pemba. Kijana wake anasoma chuo Dar es Salaam na anakaa chumba kimoja na mwenzake Mkristo. Ni vijana wanaoishi vizuri, wanapika pamoja na kukopeshana nauli. Siku moja mazungumzo yaliangukia kwa Nabii Ibrahim (‘Alayhis-salaam), na yule mwenzake akasema kwamba ahadi ya Mungu ilikwenda kwa Is-haaq, kwa hiyo watu wa Ismail hawana fungu. Siku nyengine akaongeza kwamba ardhi ya Palestina Mungu alishaigawa zamani, na anayebisha anajitafutia laana. Kijana alipokuja nyumbani kwa sikukuu ya Mfunguo Tatu akamuuliza baba yake. Baba akamjibu kwa ukali: hayo maneno ya makafiri, usiyasikilize. Tangu siku hiyo kijana hakuuliza tena, na mama anasema ule ukimya wa mwanawe ndio unaomtia khofu.

Tumeona suali hili tulijibu kwa urefu kidogo, kwani nyumba nyingi zina kijana kama huyu. Katika Suratul-‘Ankabuut, aya ya 46, tumeamrishwa kujadiliana na Ahlul-Kitaab kwa njia iliyo bora, na mtu hawezi kujadili kwa ubora jambo asilolijua. Na tunasema mapema: maneno mawili ya yule mwenzake yanatoka katika mafundisho mawili tofauti, na Wakristo wenyewe wanagombana juu yake. Ukilijua hilo, nusu ya uzito unaondoka.

Kwanza tutazame ahadi zenyewe kama zilivyo katika Biblia yao. Tafsiri ya Kiswahili iliyoenea, ya mwaka 1952, iliandikwa kwa kutegemea Kiunguja, kwa hiyo hata mzee wa Mkoani akiifungua lugha haitampiga chenga. Habari za Ibrahimu, kama wanavyomwita, zimo katika kitabu cha Mwanzo kuanzia sura ya 12. Hapo ana umri wa miaka 75, anaambiwa atoke katika nchi yake na jamaa zake. Anaahidiwa kuwa taifa kubwa, jina lake kukuzwa, na kwamba kwa sababu yake jamaa zote za dunia zitapata baraka. Sura ya 15 anaoneshwa nyota na kuambiwa uzao wake utakuwa hivyo, kisha anaahidiwa nchi kutoka mto wa Misri mpaka mto Furati. Sura ya 17, akiwa na umri wa miaka 99, anapewa alama ya agano, nayo ni kutahiriwa. Siku hiyo hiyo anatahiriwa yeye na mwanawe Ismail aliyekuwa na miaka 13. Is-haaq hakuwa amezaliwa bado.

Katika sura hiyo ya 17 ndiko lilikotoka neno la kwanza la yule kijana. Mwanzo inasema kweli kwamba agano litasimamishwa na Is-haaq. Lakini aya iliyo kabla yake inasema Ismail amebarikiwa, atazidishwa sana, atazaa wakuu kumi na wawili na atakuwa taifa kubwa. Sura ya 21 inaeleza namna Mungu alivyoisikia sauti ya mtoto jangwani na kuwa pamoja naye alipokuwa akikua. Na sura ya 25 inawataja Is-haaq na Ismail wakimzika baba yao pamoja. Kusema watu wa Ismail hawana fungu lolote ni kusema zaidi ya kitabu chenyewe.

Sasa, Wakristo wanazisomaje ahadi hizi? Hapa hatuwezi kumkwepa Paulo, kwa sababu takriban kila wanachosema kuhusu Ibrahim kimepita mikononi mwake. Paulo alikuwa Myahudi, na barua zake ziliandikwa katika karne ya kwanza ya Miladi. Wakati huo watu wasiokuwa Mayahudi walikuwa wakiingia katika jamii ya wafuasi wa ‘Iysa, na lilizuka zogo kubwa: je, watu hawa watahiriwe na kufuata Sharia ya Musa? Wapo waliosema ndiyo, maana ahadi ni ya watoto wa Ibrahim na alama yake ni tohara. Paulo alisema hapana, na akamchukua Ibrahim mwenyewe kuwa hoja.

Hoja yake ya kwanza imo katika barua kwa Warumi, sura ya 4, nayo ni ya hesabu tu. Ibrahim alihesabiwa mwenye haki kwa kuamini kwake katika sura ya 15 ya Mwanzo, na tohara ilikuja sura ya 17. Basi alikubaliwa kabla hajatahiriwa, na kwa hiyo ni baba wa kila anayeamini, aliyetahiriwa na asiyetahiriwa. Hoja ya pili imo katika barua kwa Wagalatia, sura ya 3. Sharia, anasema, ilikuja miaka 430 baada ya ahadi, na kinachokuja nyuma hakiwezi kufuta kilichotangulia. Kisha analishika neno moja. Ahadi, anasema, zilitolewa kwa Ibrahim na kwa mzao wake, mmoja, si kwa wazao wengi. Na huyo mmoja kwa Wakristo ni Masihi. Anayeungana na Masihi kwa imani anakuwa mtoto wa Ibrahim na mrithi wa ahadi, awe Mgiriki au Mrumi au Mngoni.

Msomaji wa Kiswahili ataona haraka penye mjadala. Neno la Kiebrania lililotumika katika Mwanzo ni kama neno letu “uzao”: kwa umbo ni moja, lakini linabeba mtu mmoja au ukoo mzima. Wanachuoni wa Kiyahudi hawakuikubali tafsiri ya Paulo, na wataalamu wa Kikristo nao wanakiri kwamba hapa Paulo anafasiri kwa kutazama nyuma, akiwa ameshaamini kwamba Masihi amekuja. Kwao, hata hivyo, huu ndio moyo wa jambo. Ahadi ya kwamba jamaa zote za dunia zitabarikiwa wanaiona imetimia pale makabila na mataifa yalipoingia katika dini yao. Ndiyo maana Injili ya Mathayo inaanza kwa kumtaja Masihi kuwa mwana wa Daudi, mwana wa Ibrahim.

Tukiwa hapo, kuna sura moja inayowaudhi Waislamu wengi, na ni vyema isomwe vizuri. Katika Wagalatia sura ya 4 Paulo anamfananisha Bibi Hajar na utumwa na Bibi Sara na uhuru. Wahubiri wengine wa mitaani huitoa sura hii kuwapiga nayo Waislamu. Lakini barua hiyo iliandikwa zaidi ya miaka mia tano kabla ya Mtume Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam), kwa watu wa Galatia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, na waliokusudiwa ni wale waliokuwa wakiwalazimisha Wakristo wapya tohara. Paulo mwenyewe anasema Hajar katika mfano wake ni mlima Sinai, na analingana na Jerusalemu ya wakati wake. Alikuwa akigombana na watu wa nyumbani kwake. Sisi hatuukubali mfano huo kwa mama yetu Hajar, aliyekimbia baina ya Swafaa na Marwa na mahujaji wakafuata nyayo zake mpaka leo. Ila haki ni haki: sura hiyo haikutuhusu.

Wakristo hawakukubaliana katika yote juu ya Ibrahim. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unasema Ibrahim alihesabiwa haki kwa matendo pale alipomtoa mwanawe, na kwamba imani bila ya matendo imekufa. Martin Luther, kiongozi wa Waprotestanti wa Ujerumani, aliuweka waraka huo daraja la chini alipotoa tafsiri yake ya mwaka 1522, na Wakatoliki wakaushikilia dhidi yake. Muislamu anayesoma Yakobo huenda akahisi yupo karibu na nyumbani, kwa vile kwetu imani na ‘amali njema hutajwa pamoja.

Tuje kwenye ardhi, maana hapa ndipo penye damu.

Kwa karne nyingi makanisa makubwa yalifundisha kwamba ahadi ya nchi imegeuka na kupanuka. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, unasema Ibrahim aliishi katika hema kama mgeni, akiutazamia mji wa mbinguni. Stefano, katika Matendo ya Mitume sura ya 7, anakumbusha kwamba Ibrahim hakupewa hata mahali pa kuweka wayo. Na Mwanzo sura ya 23 inaeleza kwamba alipofiwa na Sara ilimbidi anunue pango la kuzikia huko Hebroni, kwa shekeli 400 za fedha, tena kwa bei aliyotajiwa na mwenye shamba, bila ya kuomba apunguziwe. Hebroni ndio al-Khaliil ya leo, penye Msikiti wa Ibrahim. Mtu aliyeahidiwa nchi alikufa akiwa na hati ya kaburi. Wakristo wengi, Wakatoliki, Waorthodoksi na Waprotestanti, wamelifahamu hilo kuwa urithi wenyewe si shamba la duniani. Fundisho hili nalo lilikuwa na ubaya wake: wapo waliolitumia kusema Mayahudi wametupwa moja kwa moja, na Mayahudi wa Ulaya waliteswa kwa kisingizio hicho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya dini nyengine, uliikataa dhana ya kwamba Mayahudi wamelaaniwa na Mungu. Tamko hilo hilo linawataja Waislamu kuwa ni watu wanaojinasibisha na imani ya Ibrahim.

Neno la pili la yule mwenzake wa chumbani lina asili nyengine kabisa, tena si ya zamani. Katika karne ya 19 mhubiri mmoja, John Nelson Darby, alifundisha kwamba Mungu ana mipango miwili, mmoja wa Kanisa na mmoja wa Bani Israili, na kwamba ahadi ya ardhi kwa Mayahudi ipo pale pale na lazima itimie kidunia kabla ya Kiama. Fikra hizo zilisambaa Marekani kupitia Biblia yenye maelezo pembeni iliyotolewa na Cyrus Scofield mwaka 1909. Msomaji wa kawaida akawa hatofautishi maneno ya kitabu na maneno ya Scofield. Kutoka huko, kwa vitabu, redio na televisheni, zikafika Afrika Mashariki, na leo utazisikia kwa wahubiri ambao jina la Darby hawajapata kulisikia.

Na walio karibu zaidi na jambo lenyewe wamelikataa. Mwaka 2006 viongozi wa makanisa manne ya Quds, akiwemo Patriarki wa Kilatini Michel Sabbah, walitoa tamko la kuyapinga mafundisho hayo, wakiyaita ya upotofu. Mwaka 2009 Wakristo wa Palestina wakatoa waraka wao, Kairos Palestina, wakisema kuifanya Biblia iwe silaha ya kumnyang’anya mtu nyumba yake ni kuigeuza habari njema kuwa habari ya mauti. Hawa ni Wakristo, wana Biblia ile ile na Ibrahim yule yule.

Ama sisi, msingi wetu uko wazi. Katika Suratul-Baqarah aya ya 124, Ibrahim anafanywa kuwa Imamu wa watu, na anapouliza juu ya kizazi chake anajibiwa kwamba ahadi hiyo haiwafikii madhalimu. Katika Aali-‘Imraan, aya ya 67 na 68, tunafunzwa kwamba hakuwa Myahudi wala Mnasara, na kwamba walio karibu naye zaidi ni wale waliomfuata. Kwa hiyo nasaba peke yake haimpi mtu hati, si kwa Is-haaq wala kwa Ismail. Muarabu asiyeswali hafaidiki na damu ya Ismail. Nasi wa visiwani, ambao wengi wetu damu yetu ni ya mchanganyiko wa bara, Bahari ya Hindi na Bara Arabu, tunamswalia Ibrahim na aali zake katika kila tashahhud ya mwisho bila ya kuulizwa babu zetu ni nani.

Kuhusu mtoto aliyetakiwa kuchinjwa, Mwanzo sura ya 22 inamtaja Is-haaq na kumwita mwana wa pekee, jambo ambalo wanachuoni wetu wamelihoji, kwani kwa hesabu ya kitabu hicho hicho Ismail alitangulia kwa miaka 14. Kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba alikuwa Ismail, na ndiyo aliyoitetea Ibn Kathiir. Lakini kijana ajue pia kwamba at-Twabariy, imamu wa wafasiri, aliegemea kauli ya Is-haaq. Hii ni khilafu ya wanachuoni wetu wenyewe, na asishituke atakapoisikia kutoka kwa mtu wa nje.

Kwa baba wa kijana tunasema: mrejee mwanao, mwambie suali lako lilikuwa zuri na nilikujibu kwa haraka. Na kijana, akirudi chumbani kwake, anaweza kumuuliza mwenzake kwa upole: ikiwa Paulo amesema mzao ni mmoja, naye ni Masihi, na warithi ni wote wanaomwamini, basi ile ardhi unayoizungumzia inarithiwa na nani, na Wakristo wa Bethlehemu wako upande gani wa ahadi hiyo? Amwache afikiri, wakapike.

Wa Allaahu A’lam.