Kubadilisha oili ya pikapu nyumbani: injini ipone, mto usichafuke

Kwa familia nyingi za Kibera na Kawangware, pikapu ndiyo riziki. Alfajiri hutumwa sokoni kuleta mboga, mchana hubeba mchanga na mabati, na mwisho wa mwezi huhamisha vyombo vya wapangaji. Injini ikifa, kazi husimama siku hiyo hiyo, na gharama ya kuifungua na kuitengeneza upya inaweza kumeza mapato ya miezi kadhaa.

Ndiyo sababu wenye pikapu wengi hujitahidi kubadilisha oili kwa wakati, na baadhi yao huifanya kazi hiyo wenyewe, katika ua wa ploti. Si kazi ngumu. Mtu mwenye vifaa vichache na subira huimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Lakini kila mara inapofanywa, hubaki beseni limejaa oili chafu, na mara nyingi beseni hilo humwagwa kwenye mtaro ulio karibu. Makala haya yanaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo vizuri, kuanzia kununua oili hadi kuiondoa ile iliyotumika.

Kwa nini oili hubadilishwa

Oili hulainisha vyuma vinavyosuguana, hupunguza joto, huzuia kutu na hubeba uchafu hadi kwenye filta, ambayo huunasa. Kadiri gari linavyotembea, oili hukusanya masizi, chembe za chuma na mafuta ambayo hayakuungua, na dawa zilizotiwa ndani yake kiwandani huisha nguvu. Filta nayo hujaa. Ikijaa kabisa, vali ndogo iliyo ndani yake au karibu nayo hufunguka ili injini isikose oili, na oili huanza kuzunguka bila kuchujwa.

Muda wa kubadilisha umeandikwa kwenye kitabu cha gari. Mazoea ya mafundi wengi ni kilomita 5,000 kwa oili ya kawaida. Oili ya sinthetiki huweza kwenda mbali zaidi, kama mtengenezaji wa gari ameruhusu. Hata hivyo, pikapu inayobeba mizigo mizito, inayokwama kwenye msongamano wa Barabara ya Ngong au Naivasha, na inayopita njia za vumbi, huchosha oili mapema. Kwa gari kama hilo ni busara kutosubiri kilomita za mwisho zilizoandikwa.

Kuchagua oili na filta

Mambo mawili yatazamwe kwenye mtungi. La kwanza ni uzito, kwa mfano 15W-40, ambayo hutumiwa katika pikapu nyingi za dizeli za miaka ya nyuma, au 5W-30, inayotakiwa na injini nyingi mpya. La pili ni daraja la API. Herufi C, kama katika CI-4, ni ya injini za dizeli. Herufi S, kama katika SN, ni ya injini za petroli. Pikapu mpya za dizeli zenye chujio la masizi kwenye ekzosi huhitaji oili maalumu, na hapo kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa.

Pikapu za dizeli zenye injini ya lita 2.5 hadi 3 kwa kawaida huchukua kati ya lita 6 na 8 pamoja na filta mpya. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu.

Oili ghushi ni hatari kwa injini. Mnunuzi akague kama mfuniko umevunjwa, na atafute alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, ambayo huwa na namba ya kibali. Namba hiyo inaweza kuhakikiwa kwa kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama # na namba yenyewe kwenda 20023. Mitungi mitupu itobolewe kabla ya kutupwa, ili isije ikajazwa oili iliyotumika na kuuzwa tena kama mpya.

Mahali pa kufanyia kazi

Sheria za jiji haziruhusu kutengeneza gari barabarani, ila likiharibika ghafla. Kazi ifanywe kwenye uwanja ulio sawa, mbali na mtaro, kisima na mifereji. Katika vichochoro vingi vya Kibera, mabomba ya plastiki ya maji hupita juu ya ardhi au ndani ya mitaro yenyewe. Presha ya maji inaposhuka, bomba lenye ufa huweza kuvuta maji machafu yaliyo nje yake. Oili iliyomwagika hapo inaweza kuingia kwenye mtungi wa maji ya jirani.

Ploti isiyo na nafasi ya namna hiyo haifai kwa kazi hii. Ni heri gari lipelekwe gereji au kituo cha petroli kinachotoa huduma hiyo.

Hatua kwa hatua

1. Injini iwashwe kwa dakika tano, kisha izimwe. Oili yenye uvuguvugu hutoka upesi pamoja na uchafu wake. Ikiwa gari limetoka safari, lisubiriwe lipoe, kwa kuwa oili ya moto huunguza vibaya.

2. Handbreki ivutwe, gia iingizwe, na magurudumu yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao. Pikapu nyingi ziko juu kiasi cha mtu kuingia chini bila kuinua gari. Ikilazimu kuinua, gari likalishwe kwenye stendi za chuma. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililoinuliwa kwa matofali. Watoto wawekwe mbali.

3. Mfuniko wa oili ulio juu ya injini ufunguliwe ili hewa ipite. Beseni linaloweza kubeba lita 10 liwekwe chini ya sampu. Kabla ya kufungua nati, ihakikishwe kwamba ni ya injini. Gia boksi nayo ina nati yake chini, na kuna waliowahi kumwaga oili ya gia wakidhani ni ya injini.

4. Nati ilegezwe kwa spana inayoikaa sawasawa, kisha imaliziwe kwa mkono uliovaa glavu. Oili itatoka kwa kasi na kuruka mbele kidogo, kwa hiyo beseni lisogezwe mapema. Iachwe dakika 10 hadi 15, mpaka yabaki matone.

5. Oili inayotoka itazamwe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia kwenye injini. Ikiwa na vipande vya chuma vinavyong'aa, kuna chuma kinacholika. Katika hali zote mbili, gari lionwe na fundi kabla ya kurudi kazini.

6. Nati ifutwe, iwekewe washa mpya, ianzishwe kwa mkono, kisha ikazwe kwa spana kwa kiasi. Kukaza kupita kiasi huharibu nyuzi za sampu, na sampu ni ghali kuliko washa.

7. Filta ya zamani ifunguliwe huku beseni likiwa chini yake. Ihakikishwe kwamba mpira wake umetoka nao. Ukibaki umeganda kwenye injini na filta mpya ikafungwa juu yake, oili itavuja yote kwa muda mfupi. Mpira wa filta mpya upakwe oili safi, kisha filta ikazwe kwa mkono: mpira ukishagusa, robo tatu ya mzunguko hutosha kwa filta nyingi. Baadhi ya injini hutumia filta ya karatasi iliyo ndani ya kikombe. Kwa hizo, karatasi na mipira yake yote hubadilishwa.

8. Oili mpya imiminwe kwa faneli, ipungue kidogo kuliko kipimo cha kitabu. Injini iwashwe bila kukanyaga mafuta. Taa ya oili kwenye dashibodi inapaswa kuzimika baada ya sekunde chache. Isipozimika, injini izimwe mara moja.

9. Baada ya dakika moja, pakaguliwe chini kama kuna uvujaji. Injini izimwe, isubiriwe dakika 10, kisha oili ipimwe kwa kijiti na kuongezwa kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu bila kuipita. Oili ikizidi, vyuma huipiga ikatoa povu, na povu halilainishi.

10. Tarehe na kilomita ziandikwe kwenye kadi na kuwekwa ndani ya gari.

Oili chafu huenda wapi ikimwagwa

Oili haipotei inapomwagwa mtaroni. Mvua ya kwanza huichukua. Kibera huteremkia Mto Motoine, ambao huingia katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953. Maji yanayotoka bwawani huendelea kama Mto Ngong, hupita Industrial Area na Mukuru, na kuungana na Mto Nairobi. Mitaro ya Kawangware nayo huteremkia vijito vinavyoishia katika Mto Nairobi huo huo. Mto Nairobi humwaga maji yake katika Mto Athi, ambao huitwa Galana na hatimaye Sabaki, na kufika Bahari Hindi karibu na Malindi.

Njiani kuna wakulima wanaonyunyizia mboga maji ya mito hii. Sehemu ya sukuma wiki hiyo hurudi katika masoko ya Nairobi. Anayemwaga oili mtaroni leo huenda akaila kesho.

Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, linakadiria kwamba galoni moja ya oili chafu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Kwa hesabu hiyo, lita 7 zinazotoka katika pikapu moja zinatosha kuharibu lita milioni 7. Oili hutanda juu ya maji na kuzuia hewa kuingia, na ndani yake mna chembe za metali na kemikali zinazotokana na kuungua kwa mafuta. Ngozi inayoguswa na oili chafu mara kwa mara kwa miaka mingi iko katika hatari ya kupata saratani, na kwa hiyo glavu na sabuni ni za lazima hata kwa fundi mzoefu.

Matumizi yanayofaa kuachwa

Wako wanaopaka oili chafu kwenye nguzo kuzuia mchwa, wanaoimwaga uani kutuliza vumbi, na wanaompaka mbwa mwenye upele. Nguzo na ua hurudisha oili hiyo udongoni mvua inaponyesha. Mbwa hujilamba na kuimeza, na huweza kufa. Kuichoma katika jiko au pamoja na taka nako hutoa moshi wenye sumu, na katika mitaa ambayo nyumba zimebanana, moshi huo huingia kwa jirani.

Sheria inasema nini

Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 69 inamtaka kila mtu ashirikiane na serikali kuyalinda. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kutia vitu vyenye sumu katika maji. Kanuni za usimamizi wa taka zinamtaka anayesafirisha taka awe na leseni ya NEMA. Kimataifa, Mkataba wa Basel, ambao Kenya ni mwanachama wake, unaiweka oili ya injini iliyotumika miongoni mwa taka zinazodhibitiwa.

Namna ya kuiondoa oili chafu

Oili ipoe, kisha imiminwe katika mtungi imara wenye mfuniko na kuandikwa OILI CHAFU kwa herufi kubwa. Chupa za soda au za maji ya kunywa zisitumiwe, kwa maana mtoto anaweza kudhani ni kinywaji. Isichanganywe na petroli, maji, mafuta ya breki wala maji ya rejeta. Oili iliyochanganywa ni vigumu kusafishwa na kutumika tena, na mnunuzi anaweza kuikataa.

Filta ya zamani iinamishwe juu ya beseni kwa saa 12 au zaidi ili itoe matone yote. Oili iliyomwagika chini ifunikwe kwa mchanga au vumbi la mbao, izolewe na kutiwa katika mfuko wake. Kuimwagia maji na sabuni huipeleka mtaroni tu.

Gereji kubwa na vituo vya petroli vinavyobadilisha oili huwa na pipa la kukusanyia, kwa sababu oili chafu ina soko: husafishwa upya au hutumika katika matanuri ya viwanda. Njia rahisi kwa mkaazi ni kuuliza siku ya kununua oili mpya kama muuzaji atapokea ile ya zamani. Wenye magari wa ploti moja wanaweza kukusanya oili yao pamoja na kuipeleka mara moja. Anayekuja kuinunua mlangoni aombwe kuonyesha leseni ya NEMA.

Mkaazi anayeona oili ikimwagwa katika mtaro au mto, au asiyejua pa kuipeleka yake, afike katika ofisi ya msimamizi wa wadi iliyo karibu naye, iwe Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe, Gatina, Kabiro au Kawangware, na kumwona afisa wa mazingira. Msimu wa mvua ukikaribia, ni vyema mtungi uliowekwa uani uondolewe mapema, kabla maji ya mafuriko hayajaufikia.