Kijana Mzima Juu ya Ubao wa Magurudumu

Baada ya sala ya Alasiri, jua likiwa limeanza kupoa, huweza kuonekana mara moja moja katika mitaa ya upande wetu wa bara, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, kijana aliyebeba kwapani ubao mfupi wenye magurudumu manne. Si mtoto. Ndevu zimeshaota, masomo pengine ameyamaliza, na kazi bado anaitafuta. Akipata kipande cha sakafu iliyo sawa hupanda juu ya ubao ule, huenda hatua mbili tatu, huyumba, hushuka. Watoto humzunguka wakicheka. Habari humfikia mama yake kabla hajarudi nyumbani, na anapoingia mlangoni hupokewa kwa swali: “Mwanangu, wenzako waposa, wewe wateleza na watoto?”

Swali hilo lina uzito wake na halifai kupuuzwa. Mama haogopi ubao peke yake. Anaogopa mkono uliovunjika na gharama za hospitali, anaogopa maneno ya majirani, na zaidi ya yote anaogopa maskani. Kila mzazi wa Mombasa anajua saa za jioni zinavyowapoteza vijana wasio na la kufanya. Mwezi Mei mwaka 2024 serikali ya kaunti ilipotoa amri ya kupiga marufuku muguka, mjadala uliofuata mabarazani haukuwa wa sheria tu, bali wa saa hizo hizo baina ya Alasiri na Isha, na mahali ambapo mtoto wa mtu huzitumia. Kwa hiyo mama anapomwona mwanawe na kundi geni lenye mchezo mgeni, ana haki ya kuuliza. Na kijana naye ana haki ya kujibiwa kwa hoja badala ya kukemewa.

Tuanze na chombo chenyewe. Ubao huu, ambao vijana huuita skeitibodi, ulianza huko California, Marekani, katika miaka ya 1950, pale wapanda mawimbi walipotaka kuendelea na mchezo wao siku ambazo bahari ilikuwa shwari. Walitwaa magurudumu ya viatu vya kutelezea wakayapigilia chini ya mbao. (Sisi tuliozaliwa na bahari mlangoni tungeweza kulibuni jambo hili kabla yao, maana vigari vya mbao vyenye beringi kuukuu za magari si vigeni kwa watoto wa Afrika Mashariki, tulichokosa pengine ni sakafu.) Magurudumu ya kwanza yalikuwa ya chuma, kisha ya mchanganyiko wenye udongo, na yote mawili yalikuwa hatari kwa sababu hayakushika njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Frank Nasworthy, akaleta sokoni magurudumu ya plastiki iitwayo polyurethane, na hapo ndipo mchezo ulipopata sura yake ya leo. Ubao wa kawaida hufanywa kwa matabaka saba ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi. Juu yake hubandikwa karatasi mfano wa msasa ili kiatu kisiteleze, na chini hufungwa ekseli mbili zenye mipira midogo inayouwezesha ubao kupinda upande mwanafunzi anakoegemea.

Je, umri wa miaka ishirini na kitu umechelewa? Watu hupenda kutaja michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, ambapo katika mashindano ya ubao huu alikuwamo msichana wa Kichina, Zheng Haohao, mwenye miaka 11, na kwa upande wa wanaume Mwingereza Andy Macdonald mwenye miaka 51, pamoja na Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini mwenye miaka 49. Ni habari za kufurahisha, lakini tusizifanye ushahidi wa jambo ambalo hazilithibitishi. Wanaume wale walianza wakiwa wadogo. Kudumisha ujuzi uzeeni ni jambo moja na kuuanza ukubwani ni jingine. Mtu mzima ni mrefu na mzito kuliko mtoto, kwa hiyo huanguka kutoka juu zaidi na kwa nguvu zaidi. Tena huogopa, na mwili unaoogopa hukakamaa. Alichonacho ambacho mtoto hana ni uwezo wa kuelewa maelezo, kurudia zoezi moja mara hamsini bila kuchoka, na kujua lini aache. Hayo yakitumiwa vizuri, yanatosha.

Somo la kwanza halihitaji barabara. Ubao huwekwa juu ya zulia au majani, mahali ambapo magurudumu hayaendi, na mwanafunzi hujifunza kupanda na kushuka tu. Hapo ndipo atakapojua mguu upi umtangulie. Wengi hutanguliza wa kushoto, wengine wa kulia, na hakuna ubora wala ubaya katika lolote. Anayetaka kujua asukumwe polepole mgongoni bila kutarajia, na mguu atakaoutupa mbele kujizuia mara nyingi ndio wa kutangulia. Magoti yawe yamekunjika kidogo, uzito uwe katikati, macho yatazame mbele. Anayetazama miguu yake huanguka anapotazama.

Akizoea, ahamie kwenye sakafu. Mguu wa mbele hukanyaga juu ya skrubu za ekseli ya mbele, vidole vikielekea mbele. Mguu wa nyuma husukuma ardhi kando ya ubao, si nyuma kabisa. Msukumo mmoja, mguu wa nyuma unapanda, ubao unakwenda wenyewe mpaka unasimama. Makosa ya wanaoanza karibu yote yamo hapa: husukuma kwa mguu mmoja ilhali uzito wao umebaki kwenye mguu ule ule, na ubao huwatoka kwa mbele. Uzito lazima ukae juu ya mguu ulio ubaoni, kama mtu anayesimama kwa mguu mmoja akichuma embe. Kisha ajifunze kusimama kwa kuburuza soli ya mguu wa nyuma chini taratibu. Wengi huliahirisha somo hili kwa kuwa halina mvuto. Kwa maoni yangu asiyeweza kusimama hana ruhusa ya kwenda popote penye mteremko.

Ule mruko maarufu wa kupaa na ubao bila kuushika, uliobuniwa na Alan Gelfand wa Florida mwishoni mwa miaka ya 1970, unaweza kungoja miezi. Ndio unaowavuta vijana katika video, na ndio unaowapeleka hospitali wanaourukia kabla ya wakati wake.

Kuanguka kutakuwapo. Mtu anayeanguka hutanguliza kiganja, mkono ukiwa umenyooka, na uzito wote hupita kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo maana mfupa wa kigasha huvunjika karibu na kifundo. Mwenye busara hujizoeza kuanguka akiwa bado juu ya majani: kuchuchumaa haraka, kukunja kiwiko, kubiringika kwa bega. Vikinga vya vifundo vya mikono vyenye bamba gumu vinafaa kuliko kifaa kingine chochote baada ya helmeti. Na helmeti ya baiskeli iliyopata pigo kubwa mara moja haifai tena, hata kama haionyeshi ufa, kwa kuwa povu lililomo ndani hubonyea mara moja tu. Hapa niongeze neno kwa akina mama na akina nyanya: mkono uliovimba baada ya kuanguka usikandwe wala kuvutwa kabla haujapigwa eksirei. Kuna kimfupa kidogo upande wa kidole gumba ambacho huweza kuvunjika bila uvimbe mkubwa. Kikiachwa bila matibabu, mkono huuma miaka. Maumivu yakibaki hapo, kijana arudi hospitali hata kama aliambiwa ni mshtuko tu.

Tatizo kubwa la upande wa bara si umri, ni ardhi. Likoni ina mchanga, na mchanga huvuka ukuta na kulala juu ya kila sakafu. Kisauni na Changamwe zina vichochoro vingi vilivyotandikwa matofali ya kabro, ambayo ni neema kwa mwenye miguu wakati wa masika lakini ni balaa kwa gurudumu dogo, kwani kila kiungo cha tofali huligonga. Fikiria: gurudumu la kawaida la vijana wa Ulaya lina kipenyo cha milimita 52, maana yake ni milimita 26 tu kutoka katikati hadi chini. Kokoto moja yatosha kulizuia, na ubao ukizuiwa, mwenye ubao huendelea na safari peke yake. Gurudumu hupimwa pia kwa ugumu, na namba huandikwa ubavuni mwake. Yenye 99 au zaidi ni magumu, yametengenezwa kwa sakafu laini kama kioo. Anayeishi Mtongwe au Mlaleo atafute yenye 78 hadi 85 hivi, na kipenyo cha milimita 58 au 60. Yatakwenda taratibu, hayatapiga kelele za kumwamsha mgonjwa wa jirani, na yatapita juu ya kabro. Ushauri huu mmoja huenda ukamfaa mwanafunzi wa kwetu kuliko masomo yote ya video, maana wanaofundisha humo hawajawahi kukanyaga mchanga wetu.

Lami mpya hushawishi. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, ni laini kuliko sakafu za nyumba nyingi. Lakini ni njia ya magari ya mwendo wa kasi, na haipaswi hata kufikiriwa. Barabara za Changamwe zina malori ya makontena ambayo dereva wake haoni kitu kilicho chini ya pua ya gari lake. Panapofaa ni penye lango: uwanja wa mpira wa kikapu wa shule siku ya Jumamosi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na kwa kumheshimu mlinzi, au ua wa jengo ambalo wenyewe wameridhia. Mtu wa Likoni ana fursa nyingine. Kuvuka feri kwa miguu hakulipiwi, na ng’ambo, hatua chache kutoka kivukoni, ipo bustani ya Mama Ngina iliyozinduliwa upya Oktoba 2019 ikiwa na sakafu pana kando ya bahari. Aende mapema asubuhi kabla ya familia kujaa, na kivukoni ubao aubebe mkononi mpaka amevuka umati.

Wenzetu wamepata njia nyingine. Huko Kitintale, Kampala, vijana walijijengea uwanja wa saruji wa mchezo huu mwaka 2006, kwa mikono yao, katikati ya makazi ya watu wa kawaida. Nairobi nako, katika makao ya watoto ya Shangilia huko Kangemi, uwanja ulijengwa mwaka 2013 kwa msaada wa shirika la Kijerumani skate-aid. Kampala hawakuanza na fedha. Walianza na kiwanja na watu walioaminiana.

Limebaki suala la mabinti, nalo huulizwa kwa sauti ya chini. Katika mji wa Kabul, Afghanistan, Mwaustralia Oliver Percovich alifika mwaka 2007 akiwa na mbao chache, na watoto wakamzunguka barabarani. Aligundua jambo la ajabu: wasichana ambao mila haikuwaruhusu kupanda baiskeli waliruhusiwa kupanda ubao, kwa sababu ulikuwa kitu kipya ambacho hakuna aliyewahi kukiwekea kanuni. Shirika la Skateistan lililotokana na hayo lilifungua ukumbi wa ndani mwaka 2009, wasichana wakiwa na siku zao na walimu wao wa kike, na mchezo ukaambatana na masomo ya darasani. Filamu fupi iliyowahusu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2020. Yaani suala la stara lilitatuliwa kwa ukuta, ratiba na mwalimu mwanamke, na hayo hayashindikani hapa: asubuhi moja ya wiki katika ua wa shule ya wasichana, lango likiwa limefungwa. Buibui refu na dera huingia kwenye magurudumu. Suruali pana, kanzu inayoishia magotini na mtandio uliobanwa kwa pini hutosha. Nasi tunaosimulia darasani jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoshindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) hatuwezi kusema kwamba mwili wa mwanamke haukuumbiwa kukimbia.

Kwa mzazi ambaye bado ana shaka, nashauri aende aone. Aketi nusu saa pembeni, ajue majina ya wale anaojifunza nao mwanawe, aone kama adhana ya Maghrib ikilia wanafungasha au wanaendelea. Nusu saa hiyo itamwonyesha kundi ni la namna gani. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yahamie baada ya Tarawehe au yapumzike, kwa kuwa kiu na usawa wa mwili havipatani.

Mwenye ubao ajue pia kwamba hewa ya chumvi hula beringi. Ubao usilale nje, usipite kwenye maji ya mvua, na kila wiki mchanga upanguswe kwa brashi ya meno kuukuu. Zikianza kulia, beringi hung’olewa, huoshwa kwa spiriti, huachwa zikauke kabisa, kisha kila moja hutiwa tone moja la mafuta ya cherehani; mafuta mazito ya injini hukamata mchanga na kuziharibu upesi.