Asili ya Kisa cha Sarafu za Ghushi Nilichowatungia Wanangu

Mzazi mmoja wa hapa London, ambaye mwanawe hucheza pamoja na wanangu ule mchezo wa masimulizi ambamo kila mchezaji hujivika nafsi ya kubuni na dadu zikaamua majaaliwa yake, alinieleza kwa upole kwamba kisa changu cha kuwasaka waghushi ni kizuri, ila habari ya sarafu za dhahabu kupigwa katikati ya Tanganyika haikubaliki akilini. Upole ule ulinichoma, nami sina budi kueleza.

Mwaka 1916, koloni la Wajerumani lilipokuwa limezingirwa bahari na bara hata fedha kutoka kwao isiweze kufika, karakana ya reli ya Tabora ilifanywa kiwanda cha sarafu, na kwa dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, zikapigwa sarafu takriban 16,000 za rupia 15, kila moja gramu 7.168, zenye sura ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya Kilimanjaro. Septemba ya mwaka huo Wabelgiji wakautwaa mji. Dhahabu ile ilikuwa sehemu 750 tu katika 1,000, na humo ndimo nilimoficha fumbo: mchezaji anayedhani kila mchanganyiko ni hila atamtuhumu mtu asiye na hatia.

Mji wa kisa nimeufananisha na kwetu Kahama na Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, wenye karasha za kusaga mawe, mialo ya kuchenjulia na zebaki ya kunasia dhahabu, na nimepiga marufuku uganga wa kufichua ghushi, kwa kuwa broka wa kwetu, yaani mnunuzi wa dhahabu, hana uganga. Hulipima pande la dhahabu hewani, kisha akalipima majini, maana dhahabu safi ina uzito unaozidi wa maji mara 19, ilhali shaba haifikii mara 9.

Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe wana desturi ambayo, lau ningeibuni mimi, yule mzazi angeikataa pia. Tangu karne ya 13 sarafu mpya za ufalme hushtakiwa: masonara wa London huketi kama baraza la kuhukumu katika ukumbi wa chama chao, chini ya ofisa wa mahakama wa daraja ya juu, wakazihesabu sarafu zilizowekwa akiba, moja wakiitia katika bakuli la shaba ili ikapimwe, nyingine katika bakuli la mti, na baada ya miezi kadhaa hutoa hukumu yao mbele ya mashahidi.

Pamoja na adhama yote hiyo, paundi yao ya mviringo ilighushiwa hata ikakisiwa kwamba moja katika kila 30 ilikuwa ya uongo, wakalazimika mwaka 2017 kutoa ya pembe 12. Watu walionunua mkate kwa ghushi miaka mingi bila kutambua hawana haki ya kuistaajabia Tabora.

Wanangu hawakuistaajabia. Binti yangu, alipofahamu kwamba moshi wa zebaki ni sumu, aliliacha shauri la sarafu akatumia jioni nzima kuwadai wakuu wa mji wawape wachomaji wa dhahabu yenye zebaki vyombo vya kuunasa moshi huo, nami sikuwa na moyo wa kumrejesha kwenye upelelezi. Mdogo wake akampigia simu bibi yao aliyeko Kahama, akamwamkia, akauliza kama tembo wa sarafu aweza kusema. Bibi akajibu kwamba hilo halijui, lakini akataka naye apewe nafasi, basi sasa yeye ndiye broka wa mchezo, na kila sarafu anayoletewa huikataa mpaka asikie imekwisha kuzamishwa majini.